Funga daftari, kisha jiulize

Mheshimiwa Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na nyinyi wanangu wa kidato cha nne mnaosubiri mtihani wa Novemba: asalamu alaikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Itifaki naomba ihesabike kuwa imezingatiwa, maana jua linapanda na turubai hili halijatosha watu wote.

Nimeombwa nizungumze juu ya kumbukumbu. Najua swali ambalo wazazi wengi mmekuja nalo: mtoto anayesahau apewe dawa gani? Hakuna. Vile vidonge na vichupa vinavyouzwa eti vinaongeza akili, ushauri wangu ni mmoja tu, tunzeni hela yenu. Samaki ni chakula kizuri na mtoto ale, lakini ale kwa sababu ana njaa.

Nianze na jambo ambalo limekaa mbele ya macho yetu siku zote. Mtoto huyuhuyu tunayesema hana kichwa, mfuate jioni chuoni. Utamkuta anasoma Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, kwa ghibu, sura 37, tena kwa Kiarabu, lugha ambayo hawezi hata kuombea maji. Mwenzake wa kanisani anaimba sauti yake kwenye kwaya, wimbo baada ya wimbo, bila karatasi. Jumatatu mwulize masharti ya usanisinuru aliyoyasoma usiku kucha: anatazama dari. Kichwa ni kilekile. Kwa nini huku kinashika na huku kinaachia?

Tazameni anavyofundishwa kule. Ustadhi anampa aya chache. Anazirudia mpaka anaona zimekaa, kisha anasimama mbele ya ustadhi, msahafu umefungwa, anasoma. Akikwama anakwama hadharani, anasahihishwa neno moja, anaendelea. Kesho, kabla hajapewa aya mpya, anaulizwa za jana. Wiki ijayo anarudishwa za wiki hii. Huo ndio murajaa, na hifadhi isiyo na murajaa kila mwalimu wa Kurani atakuambia kuwa inapotea. Sasa njooni bwenini saa nne usiku. Mwanafunzi huyohuyo anapiga msuli: daftari liko wazi, kalamu ya rangi mkononi, anapaka mistari njano, macho yanatembea kutoka juu kwenda chini. Akimaliza anaanza tena. Hakuna aliyemwuliza kitu, na yeye mwenyewe hajajiuliza. Kwa saa tatu amekuwa akiingiza tu, na mtihani hautamwambia aingize. Utamwambia atoe.

Hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma kipindi kimoja tu, na katika vile vitatu vilivyobaki likapewa karatasi tupu liandike linachokumbuka, bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Kama mngekuwepo pale mngesema kusoma tena na tena ndiyo njia. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yalikuwa yamegeuka. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliojiuliza wakawa na 61.

Na kuna jambo ndani ya jaribio lile linalonigusa zaidi mimi mwalimu. Walipoulizwa mapema watakumbuka kiasi gani baada ya wiki, waliokuwa na uhakika mkubwa ni wale waliorudia kusoma. Ukurasa ulioupitia mara nne unauzoea, na mazoea hayo yanakudanganya kuwa unajua. Ndiyo maana mnatoka kwenye pepa mnasema, "Mwalimu, nilikisoma kile, nakiona kabisa kipo upande wa kushoto chini." Unakiona kilipokaa, kilichoandikwa hukioni.

Kwa hiyo nikiruhusiwa kutoa agizo moja leo, ni hili. Ukisoma ukurasa mmoja au miwili, funga daftari. Chukua karatasi tupu, hata ya nyuma ya tangazo, andika yote unayoyakumbuka, ovyoovyo, bila mpangilio. Itauma. Dakika mbili za kwanza utahisi huna kitu. Usifungue. Kaa hapohapo mpaka kitu kije, na kitakuja. Ukishakauka kabisa ndipo ufungue daftari, uchukue kalamu ya rangi nyingine na ujaze ulichoacha. Hiyo rangi ya pili ndiyo somo lako la kesho. Zile kalamu za kupaka njano ziwekeni kando. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake, pia wa Marekani, walipitia mbinu 10 ambazo wanafunzi hutumia. Kupaka rangi na kusoma upya waliziweka miongoni mwa zenye faida ndogo. Mbili tu ndizo walizozipa daraja la juu, kujipima na kuyatawanya masomo katika siku mbalimbali.

Kutawanya, basi. Mwaka 1885, mwaka ambao watu wa Historia mnaujua kwa sababu ndio Mkutano wa Berlin ulifungwa, Mjerumani mmoja aitwaye Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazikariri orodha kwa orodha, kisha akapima inamchukua juhudi kiasi gani kuzikariri upya baada ya muda fulani. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja, karibu theluthi mbili. Lakini baada ya mwezi mzima, hali haikuwa mbaya zaidi kwa kiasi kikubwa: ilikuwa imebaki kama sehemu moja ya tano. Kusahau hukimbia mwanzoni, halafu huchoka. Mambo yenye maana hayapotei kwa kasi ile, lakini mwendo wake ni huohuo.

Faida ya kulijua hili ni kwamba unajua wapi pa kuweka nguvu. Somo la leo likiguswa kesho, hata kwa dakika 10, limeokolewa pale linapovuja zaidi. Liguse tena baada ya siku tatu au nne, tena baada ya wiki, tena baada ya wiki tatu. Saa nne ulizopanga kuzimalizia Biolojia Jumamosi, zikate vipande uvitawanye: muda ni uleule, mavuno ni mengine kabisa. Najua mtaniambia ratiba ya shule imebana. Dakika 10 za kusubiri foleni ya chakula hazijabanwa na mtu.

Mwenye kutaka kifaa, atengeneze kisanduku. Mbinu hii aliieleza Sebastian Leitner katika kitabu alichokitoa kwa Kijerumani mwaka 1972, nayo haina gharama. Kata karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja swali, nyuma yake jibu, na swali liwe moja tu. Usiandike "Eleza mfumo wa damu." Andika "Mshipa gani unatoa damu mapafuni kuipeleka kwenye moyo?" Chukua boksi la viatu, ligawe vyumba vitano kwa kadibodi. Kadi zote zinaanzia chumba cha kwanza, kinachofunguliwa kila siku. Ukijibu sawa, kadi inahamia chumba cha pili, kinachofunguliwa baada ya siku mbili. Cha tatu baada ya siku nne, na kuendelea hivyo. Ukikosea, hata kama kadi ilishafika cha tano, inarudi cha kwanza. Hakuna kuihurumia. Sharti ni kutamka jibu, au kuliandika, kabla ya kugeuza. Anayegeuza kwanza halafu akasema "aa, hili nilikuwa nalijua" amecheza karata tu.

Sasa nije kwenye mbinu mnayoipenda, ya picha, maana naona nyuma kule mmeanza kusinzia.

Wagiriki wa kale walisimulia habari za malenga wao, Simonides, aliyeishi karibu miaka 500 kabla ya Kristo. Alitoka nje ya ukumbi wa karamu, na nyuma yake dari likaporomoka, likaua wote waliokuwemo. Miili haikutambulika. Yeye akaweza kumtaja kila mtu kwa kukumbuka alikuwa amekaa wapi. Cicero, msemaji mkubwa wa Roma, alikisimulia kisa hiki kama chanzo cha ufundi wa kukumbuka kwa mahali. Sina njia ya kujua kama dari lile liliporomoka kweli, lakini ufundi wenyewe unafanya kazi. Hata wale wanaoshindana kukariri mpangilio wa karata duniani huutumia.

Tujaribu hapa hapa. Historia, swali ambalo halichoki kurudi: toa sababu sita za Vita vya Maji Maji, vile vya kuupinga utawala wa Wajerumani. Fumbeni macho, nendeni nyumbani kwenu. Nyumba ya kweli, si ya kufikirika.

Umefika barazani. Karani wa kodi ameweka meza, anagonga rupia mojamoja, na baba yako amesimama mbele yake amegeuza mifuko nje. Hiyo ni kodi. Unataka kuingia, lakini mlango umezibwa na marobota ya pamba, inabidi upite ubavu, pamba inakuingia puani. Hiyo ni kazi ya kulazimishwa kwenye mashamba ya pamba. Umefika sebuleni: akida, yule msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, amekalia kochi la baba na viatu vyake, kiboko mkononi, anakuuliza wewe ni nani. Huo ni ukatili wa maakida. Unakimbilia chumbani. Mzungu anapima chumba chako kwa kamba, ameshachimbia kigingi katikati ya godoro. Ardhi imechukuliwa. Jikoni, askari wamekaa kwenye vigoda wanakula chakula kilichoandaliwa kwa tambiko, wanacheka. Hapo ni kudharauliwa kwa mila. Unatokea uani, na kwenye pipa la maji amesimama mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, anachota kwa kibuyu na kuwagawia majirani zako wote, anawaambia risasi za Wajerumani zitageuka maji. Hiyo ni imani iliyowaunganisha.

Fumbueni macho. Nani atanianzia barazani? Na nani ataniletea kutoka uani kurudi nyuma?

Mmeona. Zimekaa zote sita, kwa mpangilio, na hamkuandika kitu. Siri zake ni mbili. Mahali mlikuwa mnapajua tayari, kwa hiyo kazi ilikuwa kuweka tu. Na picha zilikuwa na vurugu: kigingi katikati ya godoro hakisahauliki, ilhali "unyang'anyi wa ardhi" ni maneno yaliyopauka. Mkiweka picha za heshima na adabu hazitakaa. Tena msijaze nyumba moja kila kitu. Nyumba ya bibi ishike mada nyingine, njia ya kwenda sokoni ishike nyingine, hii shule yenyewe toka getini hadi maabara ishike nyingine.

Lakini niseme wazi mipaka yake, maana kwenye mitandao mnauziwa mbinu hii kama muujiza. Inashika orodha. Haielewi badala yako. Mtihani utakupa alama kwa kutaja kodi, kisha utakuuliza kodi ilimwumizaje mkulima wa Matumbi hata akashika mkuki, na hapo karani wako wa barazani hana jibu. Mimi huitumia kama vigingi vya kutundikia hoja. Hoja zenyewe lazima uzisome.

Kuna ufundi mwingine ambao hauhitaji Mgiriki. Nani hapa amesahau mpangilio wa matendo ya hesabu? Hakuna, kwa sababu tangu shule ya msingi mnaimba MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nani anasahau chama cha TANU kilizaliwa siku gani? Sabasaba, tarehe imegeuka jina la sikukuu. Na wahenga wetu waliotunga tenzi zenye mamia ya beti walijua walichokuwa wakifanya: mizani 8 kila kipande, vipande vitatu vya kina kimoja, cha nne kimefungwa na kina kinachorudi hadi mwisho wa utenzi. Msomaji akisahau neno, mizani na kina vinamnong'oneza: neno unalolitafuta lina silabi tatu na linaishia na "wa". Tungeni vya kwenu. Hiki changu, malenga wa Tanga mniwie radhi:

Sabasaba TANU yawa,
Sitini na moja sawa
Uhuru tukachukuwa,
Na nne ikatuunga.

TANU 1954, Uhuru 1961, Muungano 1964. Si ushairi wa kushindania tuzo, lakini mtu akiutunga mwenyewe usiku mmoja, ile kazi ya kutafuta neno lenye silabi zinazotosha imeshamfanya aigeuzegeuze tarehe mara 20.

Sasa wazazi, mnaolalamika nyinyi wenyewe kusahau mlipoweka funguo. Hilo mara nyingi si la kumbukumbu. Funguo uliziweka huku unaongea na simu, macho hayakuona, kwa hiyo hakuna kilichoingia cha kukumbukwa. Ziwe na msumari wake mmoja mlangoni, na ukizitundika sema kwa sauti, "Funguo nimetundika." Majirani watakuzoea. Na jina la mgeni uliyetambulishwa jana: lirudie papo hapo katika salamu, "Karibu sana, Bi Mwanaidi," na umwite tena kabla hajaondoka. Dawa ni ileile, kutoa kilichoingia kabla hakijapoa. Hili la simu linawahusu na wanafunzi pia, sina haja ya kulirefusha.

Wengine mnapakua michezo kwenye simu inayosema inafanyia ubongo mazoezi. Miaka ya 1970 mwishoni, huko Pittsburgh, mwanafunzi mmoja anayejulikana kwenye maandishi ya kitaalamu kwa herufi S.F. alifanyishwa mazoezi ya kukariri tarakimu zinazosomwa moja baada ya moja. Alianza na saba hivi, kama sisi sote. Baada ya mwaka mmoja na nusu na ushei aliweza kurudia 79. Siri yake: alikuwa mkimbiaji, na kila tarakimu nne alizigeuza kuwa muda wa mbio, hii ni rekodi ya maili, ile ni ya kilomita 10. Watafiti wakabadilisha tarakimu wakampa herufi. Akarudi kwenye sita. Kwa hiyo ukifanya mazoezi ya mchezo wa simu, utakuwa hodari wa mchezo wa simu. Anayetaka kukumbuka Kemia ajipime Kemia. Na angalieni tena kilichomsaidia: alifunga kitu kipya kwenye kitu anachokijua na kukipenda. Shabiki wa mpira anayejua misimu 10 ya Simba na Yanga ana vigingi vingi vya kutundikia miaka kuliko anavyodhani.

Kuhusu usingizi nitasema kidogo kwa sababu mmeshaambiwa na hamsikii. Toka mwaka 1924, John Jenkins na Karl Dallenbach walionyesha kuwa mtu akijifunza halafu akalala, hukumbuka zaidi kuliko akijifunza halafu akakaa macho kwa saa zilezile. Mkesha wa kuamkia pepa unakunyang'anya ulichosoma mchana. Nawaomba wasimamizi wa mabweni wazime taa.

Mnaofanya diskasheni, fanyeni kwa kuulizana. Kundi ambalo mmoja anasoma madesa kwa sauti na sita wanaitikia kwa kichwa, limekaa bure. Kila mtu aje na maswali matano aliyoyaandika, na anayeulizwa asiwe na karatasi. Ndani ya chumba cha mtihani, jibu likikataa kuja, liache, nenda swali jingine. Mara nyingi litakufuata huko. Likikataa bado, jaribu kurudi mahali ulipolisomea: ulikuwa umekaa wapi, nani alikuwa pembeni, mwalimu alikuwa anachora nini.

Namalizia na wazazi, hasa nyinyi mnaoniambia, "Mwalimu, mimi sikusoma, nitamsaidiaje mtoto na masomo yenyewe ya Kiingereza?" Nyinyi ndio ninaowategemea. Watoto wetu wengi wanakariri sentensi za Kiingereza jinsi zilivyo, na neno moja likidondoka, sentensi nzima imekwenda. Mtoto anayelazimika kumweleza mama yake kwa Kiswahili, mama anayekatiza kila dakika kuuliza "kwa nini?" na "sasa hiyo damu inarudije?", amelazimika kuitoa maana yenyewe, na maana akiishaishika ataivisha Kiingereza mwenyewe. Huhitaji kujua jibu. Shika daftari lake mkononi mwako, limefungwa, umwulize wakati unachambua mchele.

Muanze leo baada ya chakula. Mwulize, "Leo mmefundishwa nini?" Akijibu "Fizikia" akataka kuinuka, mwambie akae.

Ahsanteni sana.